Krimu ya Wifi

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha ukorofi wake. Sisi hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu kwa kelele kutoka jikoni. Anasema nikuandikie kwamba hajasahau ulivyomshinda karata. Ningepiga simu, lakini masikio yako unayajua: mara ya mwisho ulinijibu maswali ambayo sikuuliza, na niliyouliza ukayaacha hewani. Kwa hiyo nimeona nikuandikie, barua isafiri na mzigo kwenye basi la asubuhi.

Mzigo wenyewe ni kopo la krimu. Fungua, nusa, jipake. Nimeitengeneza kwa mikono yangu! Tangu shule ilipopunguza wafanyakazi nikakosa ile kazi ya ofisini, nilikuwa nashinda nyumbani nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Wifi yangu ndiye aliyenitoa humo. Alikuja na picha kwenye simu akasema, "Wifi, una mikono na huna kazi. Hebu fanya kitu kabla hujatoboa hiyo meza." Nikaanza: maji ya mshubiri, mafuta ya nazi, na nta ya kuunganisha maji na mafuta. Wifi akawa mteja wa kwanza, na sasa ndiye mpiga debe wangu. Ni mjamzito, tumbo limeanza kuonekana, na ngozi imemkauka. Anasema bila krimu yangu angekuwa anajikuna kama kuku mwenye utitiri.

Nina swali. Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye simu za watu. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzito anasema krimu za dukani zina kitu kinaitwa fenoksiethanoli, ni sumu, kinaingia kwenye damu. Nimesoma chupa zangu zote za zamani, na kweli, jina hilo limo karibu katika kila moja. Mimi sijaweka. Kwenye kila kopo nimeandika kwa herufi kubwa HAINA KEMIKALI, na wateja wanapapenda hapo kuliko hata krimu yenyewe. Wewe umekuwa mfamasia maisha yako yote. Hicho kitu ni nini hasa? Na krimu yangu unaionaje?

Mpwa wako

*

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Mwambie mama mkwe wako sikumshinda karata. Alijishinda mwenyewe kwa kunionyesha karata zake kila alipocheka.

Krimu imefika. Ni laini, imeshikana vizuri, haijajitenga maji huku na mafuta kule. Kwa mtu aliyejifunza jikoni, hiyo ni kazi nzuri, na sikusifii kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu. Sasa kaa vizuri, maana unanijua: swali la dakika moja mimi hulijibu mchana kutwa.

Tuanze na neno kemikali. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Huo mshubiri wako una kemikali ambazo hata mimi siwezi kuzitaja zote. Kopo lisilo na kemikali ni kopo tupu, na hata hilo lina hewa ndani.

Fenoksiethanoli ni kihifadhi. Ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo, na sikufichi, kinatengenezwa kiwandani. Kazi yake ni kuwazuia bakteria wasizaliane ndani ya krimu. Kwa ukungu nguvu yake ni ndogo, ndiyo maana mara nyingi huuzwa kikiwa kimechanganywa na msaidizi wake.

Je, ni sumu? Swali hilo halijibiki mpaka useme ni kiasi gani, na kinapakwa wapi. Kikiwa kwenye chupa yake, hakijazimuliwa, kitawasha ngozi, kitachoma macho, na ole wake atakayekinywa. Lakini kwenye krimu huwekwa kidogo sana. Mpaka unaokubalika katika nchi nyingi ni gramu moja kwa kila gramu mia za krimu. Kwa kiasi hicho wataalamu wamekichunguza kwa muda mrefu na kuona kinafaa kupakwa kwenye ngozi. Wapo wachache ambao ngozi zao hukikataa, kama walivyo watu wasioweza kula mayai, hao waache. Yule mwanamke wa sauti nzito hakudanganya kila kitu. Alichofanya ni kuusahau uzani, na katika kazi yetu ukiusahau uzani umesahau kila kitu.

Sasa nije kwenye krimu yako, na hapa ndipo ninapoogopa. Ina maji. Ina mshubiri, ambao ni chakula. Inakaa kwenye joto la nyumba, na watu wanaingiza vidole kila siku. Bila kukusudia, umewapikia bakteria na kuwatandikia na kitanda. Usiyaamini macho wala pua: krimu inaweza kuwa imejaa bakteria na bado ikawa nyeupe, inanukia vizuri. Friji huwachelewesha tu.

Ushauri wangu, simamisha kuuza mpaka upate kihifadhi. Na mwambie kila uliyemuuzia asiipake karibu na macho. Wifi yako awe wa kwanza kuambiwa.

Mjomba wako

*

13 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima, asante.

Barua yako niliisoma kwa sauti, wote wakiwepo. Mama mkwe alikunja uso mapema kabisa. Akasema, "Huyu mjomba wako amekaa na madawa mpaka anayatetea kama ndugu zake wa tumbo moja." Wifi akacheka mpaka akashika tumbo, akanichukulia makopo mengine akawauzie wenzake kazini.

Usinielewe vibaya, nakuheshimu. Lakini nimeweka vitamini E na matone ya mafuta ya mchaichai, na wanaotengeneza kama mimi wanasema hiyo inatosha. Tena wateja wananifuata kwa sababu ya yale maandishi. Nikiyafuta leo, kesho niwaambie nini? Kwamba nilikuwa nawadanganya?

Tafadhali usikasirike.

Mpwa wako

*

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sijakasirika. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, na watu wamenitukana nikiwa nawahesabia vidonge. Wewe umeniomba tu nisikasirike. Hiyo ni adabu tele.

Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Bakteria haiwahusu, wanaipita tu. Mafuta ya mchaichai yananukia, na ukitaka yaue bakteria itabidi uweke mengi mpaka yaunguze ngozi ya mtu. Ni hayo tu.

Kama hutaki kunijibu, usinijibu. Lakini mwambie wifi yako kuhusu macho.

Mjomba wako

*

21 Machi

Mpwa wangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo. Kimya chako kimekuwa kirefu. Mama yako anasema u mzima, ila ukiulizwa habari za krimu unageuza mazungumzo. Sikuandikii kukuhoji. Nimeona tu kwamba basi la asubuhi limezoea kuniletea kitu, na sasa linapita bila hata kupunguza mwendo.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na ukweli: sikumwambia.

Wifi aliamka macho yamevimba, kope zimegandamana kwa usaha. Hakuweza kuyafungua. Mume wake alimshika mkono kumpeleka hospitali kama anavyoongozwa kipofu. Daktari aliuliza anapaka nini usoni, wakapeleka kopo maabara, nayo maabara ikasema ndani mna bakteria wengi kuliko inavyofaa kitu chochote cha kupaka. Mjomba, lile kopo lilikuwa jeupe kabisa. Lilikuwa linanukia mchaichai.

Wamempa dawa ya matone, na wanasema ataona vizuri kama zamani. Mtoto tumboni hana tatizo. Lakini siku zile alizokaa gizani hakujua kama ataona tena, na alikuwa akimuuliza mama yake, "Nitamwona mwanangu?" Mama mkwe alinisimulia hilo huku ameangalia ukuta.

Nilikwenda kumwona. Nilianza, "Wifi, nisamehe, lakini hata mimi sikujua—" Akanikatiza. "Ulijua. Mjomba wako aliandika. Nilikuwepo, ila macho hukuyataja. Sasa kaka amenisomea barua yote. Kipande hicho ulikiruka." Na kweli nilikiruka, Mjomba. Nilipofika kwenye macho nilikunja karatasi, kwa sababu mama mkwe alishakunja uso na sikutaka kuharibu mchana.

Haji tena hapa. Simu zangu hapokei. Mume wangu amekaa katikati ya dada yake na mke wake, hana raha. Mimi krimu naiacha. Kutengeneza nilijifunza kwa picha. Wifi nitampata wapi mwingine?

Mpwa wako

*

6 Aprili

Mpwa wangu,

Pole sana. Na pole hiyo mfikishie mama mkwe wako, maana yeye ana mtoto kila upande.

Nashukuru macho yamepona. Hilo kwanza. Sasa sikiliza mambo ya kufanya, maana mtu mwenye huzuni akipewa kazi hupata pa kuiweka.

Nenda kwa kila uliyemuuzia. Usitume ujumbe, nenda. Chukua kopo, na umwambie kwa nini unalichukua. Wengine watakusema, wavumilie. Kisha mwandikie wifi yako maneno machache yasiyo na neno "lakini" ndani yake. Usimwombe ajibu.

Halafu, sitaki uache krimu. Mikono unayo, kilichokosekana ni kitu kimoja. Ndani ya mzigo huu kuna chupa ndogo ya fenoksiethanoli yenye msaidizi wake, na mizani yangu ya zamani. Itunze, ni mzee mwenzangu. Unapima krimu yote, na kwa kila gramu mia unaweka chini kidogo ya gramu moja. Unasubiri krimu ipoe iwe vuguvugu, ndipo unaweka, unakoroga vizuri. Vyombo uvichemshe. Chupa yenyewe ifungwe, ikae mbali na watoto. Na kwenye kopo andika kila kilichomo, bila kuficha jina hata moja.

Mjomba wako

*

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Goti je?

Nimekwenda kwa wote. Mmoja alinifungia mlango. Mmoja alinipa kopo likiwa na ukungu wa kijani juu, akasema alidhani ndiyo mshubiri. Mwingine, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, alinikalisha akanipa maji ya kunywa na kuniambia, "Hakuna mtu aliyewahi kurudi kwangu kuniambia kitu alichoniuzia ni kibaya." Nililia kwake, basi naye akapata cha kusimulia.

Jikoni mambo yamegeuka. Unamkumbuka mama mkwe na madawa yako? Sasa ndiye mhubiri wa kihifadhi. Jirani akija na ile sauti nzito kwenye simu, mama mkwe anamzima: "Zima hiyo! Mwanangu angepofuka kwa ajili ya maneno kama hayo." Anachemsha vyombo mpaka mvuke unatutoa nje. Mimi napima, yeye anakoroga.

Krimu mpya imetoka nzuri. Kopo la kwanza mama mkwe amempelekea wifi, pamoja na barua yangu isiyo na lakini. Jibu halijaja, na sijaliomba, kama ulivyosema. Ila kila mlango ukigongwa moyo wangu unatangulia kufungua.

Mpwa wako

*

11 Mei

Mjomba,

Amelipokea. Alikaa nalo siku kadhaa, mwisho akaona amuridhishe mama yake, akapaka kidogo shavuni. Limemwasha kama amepakwa pilipili. Shavu jekundu, machozi. Alimpigia simu kaka yake, nikasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa chumba: "Mwambie mke wako mara ya tatu aje na kisu kabisa, tujue moja."

Nimejaribu kwenye mkono wangu. Kweli, inawasha. Mjomba, nilifanya kila ulichosema. Nilipima kwa mizani yako. Na sasa nakuuliza bila kuzunguka: na kama yule mwanamke alikuwa sahihi? Na kama umekaa na madawa mno?

Samahani kwa kukosa salamu.

Mpwa wako

*

14 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nimezisoma kwenye swali lako, usijali.

Una haki ya kuniuliza. Mfamasia asiyetaka kuulizwa ni wa kuogopwa. Kwa hiyo sitakujibu kwamba mimi ni mkubwa. Nitakujibu kwa kukupa njia ya kuangalia mwenyewe.

Kuna mambo mawili. La kwanza, inawezekana ngozi ya wifi yako ni ya wale wachache. Lakini imekuwasha na wewe, na miaka yote umepaka losheni za dukani zenye kihifadhi hicho hicho bila hata kujikuna. Kwa hiyo hilo naliweka pembeni. La pili, inawezekana kwenye krimu kimeingia kihifadhi kingi kuliko ulichopima. Hilo linapimika. Pima ile chupa niliyokutumia pamoja na kilichobaki ndani, kama ilivyo. Uzani wake ilipoondoka kwangu nimeuandika chini ya kitako. Toa ulichotumia. Kama chupa ni nyepesi kuliko inavyotakiwa, basi kuna mkono mwingine, au kuna ufa.

Pima kabla hujamshuku mtu. Mizani haina wifi wala mkwe.

Mjomba wako

*

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na marahaba nimejipa mwenyewe kwa niaba yako kwa sababu siwezi kusubiri.

Nimepima. Chupa ni nyepesi mno. Nikageuza chupa, hakuna ufa. Nilikuwa bado nimeishika mkononi mama mkwe alipoingia na kapu la vyombo. Sikumuuliza kitu. Aliona chupa, akaona mizani, akaweka kapu chini.

"Nilidhani hutagundua," akasema.

"Nini, Mama?"

"Wewe na hicho kijiko chako cha dawa. Unaweka kitone! Krimu sufuria nzima, dawa kitone! Nikasema huyu mtoto bado anaogopa ile sauti ya kwenye simu, anabana. Wewe ukienda kuleta makopo, mimi naongeza."

"Unaongeza kiasi gani?"

Akachukua kifuniko cha chupa, akanionyesha. Kifuniko kizima, Mjomba. Kimejaa mpaka ukingoni.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akajifunika uso kwa kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa ananiuliza kama atamwona mtoto wake. Nilitaka safari hii hata bakteria mmoja asibaki." Basi nikakaa chini sakafuni karibu naye, na hatukukoroga kitu siku hiyo.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia wifi, nitaonekana namsingizia mama yake. Nisipomwambia, mimi ndiye wa kisu.

Mpwa wako

*

24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na hiyo uliyojipa naithibitisha.

Usimwambie wifi yako. Siyo habari yako hiyo kuitoa, ni ya mama yake. Wala usimsukume. Mpe muda, ataona mwenyewe kwamba mzigo huo hauwezi kubaki mgongoni kwako.

Mfikishie maneno haya kutoka kwangu, na umsomee yote bila kuruka. Mkwe wetu, ulichofanya kinatokana na kudhani kwamba kikiwa kizuri kidogo, kikiwa kingi kitakuwa kizuri zaidi. Nimeona watu waliosoma sana wakimeza vidonge viwili badala ya kimoja kwa kudhani hivyo hivyo. Kihifadhi kikizidi hakiongezi ulinzi unaouhitaji. Kinaacha kupambana na bakteria peke yao, kinaanza kupambana na ngozi. Kile kitone ulichokiona kidogo kilikuwa kinatosha sufuria nzima.

Na kuhusu kazi, kwenye chumba cha dawa tulikuwa hivi: mmoja anapima, mwingine anatazama, na anayepima anataja kwa sauti anachoweka na kiasi chake. Mwenzake anarudia. Wanafunzi walituona kama wendawazimu, watu wazima wanaimbiana gramu. Lakini hakuna aliyeongeza kitu akidhani mwenzake amesahau. Ninyi hamkukosa upendo hapo jikoni. Mlikuwa mnafanya kazi kimya kimya, kila mtu na wasiwasi wake.

Sufuria ile imwage. Makopo yake yote uyakusanye tena. Naam, tena.

Mjomba wako

*

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka. Nilijaribu simu asubuhi, nilisema "Mjomba, nina shida," ukanijibu "Nami pia, asante."

Mama mkwe alikwenda. Alichukua muda, lakini alikwenda, na akamwambia bintiye kila kitu mpaka kile kifuniko. Wifi akasema, "Sawa, Mama." Basi. Mimi hakunitaja.

Amejifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Lakini chuchu zimempasuka. Kila mtoto akinyonya wifi analia, na mtoto naye analia kwa kuwa mama yake analia. Mama mkwe amerudi kutoka huko amechoka, ameniambia, "Mpelekee krimu. Safari hii mimi mwenyewe nilisimama nikakusikia ukitaja gramu. Hakuna kilichozidi."

Na ni kweli hakijazidi. Nimeipaka mwenyewe mwezi mzima, fundi cherehani anapaka, hakuna aliyewashwa. Nikimpelekea leo, na ikamsaidia, nadhani atanisamehe. Mjomba, natamani sana kumpelekea. Kopo liko mezani, nimelifuta mpaka linang'aa.

Lakini sijatoka nalo. Nimekumbuka ulivyosema swali ni kiasi gani, na kinapakwa wapi. Kiasi nakijua. Pa kupaka ndipo sijui. Niambie.

Mpwa wako

*

9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongereni kwa mtoto. Nimemwomba dereva akufikishie hii mkononi.

Usimpelekee hiyo krimu.

Kwa mikono yake, miguu yake, tumbo lake, ni salama. Kwenye chuchu hapana, kwa sababu kinachopakwa hapo mtoto anakimeza. Mpaka wa gramu moja uliwekwa kwa ajili ya ngozi, haukuwekwa kwa ajili ya tumbo la kichanga. Hii haikifanyi kihifadhi kuwa kibaya. Kila kitu kina mahali pake, na hapo si mahali pake.

Cha kufanya: muite mkunga amtazame akinyonyesha. Mara nyingi chuchu hupasuka kwa sababu mtoto ameshika ncha tu badala ya kushika vizuri, na hilo hurekebishwa kwa kumweka mtoto sawasawa, siyo kwa kupaka. Baada ya hapo, duka la dawa wanauza mafuta yaliyosafishwa ya sufu ya kondoo kwa ajili hiyo hasa. Ni mafuta matupu, hayana maji ndani. Pasipo na maji bakteria hawazaliani, kwa hiyo hayahitaji kihifadhi. Aoshe mikono, apake kidogo. Titi likiwa jekundu na la moto, au akipata homa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Najua ulichotaka ni krimu yako imfae. Pole, mwanangu. Nenda mikono mitupu.

Mjomba wako

*

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Utaniwia radhi kwa mwandiko, naandika kwa mkono mmoja, utaona sababu.

Nilikwenda na mkunga. Wifi alituona mlangoni, akaangalia mikono yangu. "Krimu yako iko wapi?" akauliza, kwa ile sauti ya kisu.

Nikamwambia, "Sikuileta. Haifai hapo. Mtoto ataimeza."

Akanitazama. "Yaani umetembea mpaka hapa kuja kuninyima?"

"Ndiyo."

Mkunga akamkalisha, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, akamfundisha kumsubiri apanue kinywa kabla ya kumsogeza. Mimi nilikaa pembeni nimeshika kile kikopo cha mafuta ya duka la dawa kama mtu aliyeitwa shahidi. Mtoto akashika, akanyonya, na wifi akabaki amekunja uso akisubiri maumivu. Yakaja madogo. Akaanza kucheka na kulia pamoja. Tulipokuwa tunatoka akasema, bila kuniangalia, "Miguu je? Miguuni mtoto hanyonyi." Nikarudi jioni na kopo. Alisoma maandishi yote, jina moja moja, mpaka fenoksiethanoli akaitamka vibaya kuliko mimi, kisha akapaka kwenye kifundo cha mguu na kukaa akikitazama mpaka giza likaingia. Hakikuwasha.

Wateja wengine hawajarudi. Wanasema nimejiunga na viwanda. Lakini mkunga amesema wajawazito wake wengi wanalalamika ngozi kukauka, na ameniomba niende kliniki niwaeleze, tena nianze na jinsi krimu yangu ya kwanza ilivyoharibika. Nimekubali. Nitatetemeka, lakini nimekubali.

Leo wifi amekuja hapa. Ni mara ya kwanza tangu macho. Hakubisha hodi, ameingia moja kwa moja kama zamani, akasema hajalala usiku wa tatu huu na kwamba mimi nina mikono na sina kazi. Kisha amenipa mtoto, ameingia chumbani kwangu, amejitupa kitandani. Sasa hivi namsikia anakoroma. Mama mkwe amesimama mlangoni anamtazama, anatabasamu, ananikataza kwa kidole nisipige kelele, kama kwamba mimi ndiye ninayekoroma.

Mtoto ni mzito kuliko anavyoonekana. Ana nywele nyingi, na amenishika dole gumba, hataki kuliachia. Nimeosha mikono kabla ya kumpokea, usiulize. Nilitaka kukueleza mambo mengine mawili ya sufuria mpya, lakini amefungua macho, ananitazama, midomo inaanza kutafuta. Itabidi nimwamshe mama yake. Nitamwacha alale kidogo tu zaidi.

Mpwa wako